Mkia wa Upande wa Kulia

Ripoti ya mkemia wa serikali ilifika Garissa asubuhi ya Jumatatu. Inspekta Ramlo aliisoma akiwa amesimama, feni ya ofisi ikimpulizia hewa ya moto shingoni, kisha akamkabidhi Sajini Kulow na kwenda dirishani. Nje, korongo wawili walikuwa wakigombania utumbo wa mbuzi kwenye jaa.

"Haikuwa Kumi na Saba," Kulow alisema baada ya kusoma.

"Geuza ukurasa."

Kulow akageuza, akasoma polepole, midomo ikicheza. "Na ile chupa tuliyoitoa kwenye friji, ile iliyoandikwa mkia wa kulia, ndani yake ndiyo kuna Kumi na Saba." Akainua macho. "Zimebadilishwa."

"Zimebadilishwa vitambulisho tu. Leta vile vya Tarbaj."

Kumi na Saba ilikuwa dawa ya dhukan, ugonjwa wa ngamia unaoletwa na nzi wa kuuma, ule unaomkondesha mnyama hadi akawa ngozi na mifupa. Iliundwa na Daktari Osob, msichana aliyekuwa akifundisha kemia katika chuo kimoja cha mjini. Mara ya kwanza ilipojaribiwa huko Tarbaj, ngamia waliokuwa wamelala wakisubiri kufa walisimama wakala. Mara ya pili walianguka wote kabla ya adhuhuri. Na Mowlid, mhudumu wa mifugo aliyekuwa akiwadunga, alirushiwa shingo na ngamia mmoja, sindano ikamwingia kiganjani. Alikata roho kwenye gari, njiani kwenda Wajir.

Kulow aliweka mezani vitambulisho vilivyotolewa Tarbaj. Vilikuwa vipande vidogo vya karatasi ngumu, kila kimoja kimetobolewa na kupitishwa uzi wa kufungia shingoni mwa chupa. Juu yake Osob alikuwa amechora pete tatu mstarini na mkia mfupi ukining'inia kwenye pete ya kati. Kando yake Ramlo akaweka kingine, kilichotoka kwenye chupa ambayo Osob mwenyewe aliifunga mbele yao maabarani.

"Tazama fundo," alisema.

Fundo la Osob lilikuwa la kitanzi, la kufunguka ukivuta ncha moja. Mafundo ya Tarbaj yalikuwa yamezungushwa mara mbili na kukazwa sana, na ncha za uzi zilikuwa zimechakaa, kama zilizokatwa kwa meno.

"Mtu alifungua, akafunga upya kwa mazoea yake," Kulow alisema.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa Dubow, mwenye ngamia wale na kaka wa marehemu, mzee mrefu aliyevaa kikoi na koti la suti. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu ofisi ilipofunguliwa. Ramlo, mwanamke mzaliwa wa kando ya mto Tana, alikuwa na Kisomali cha kumtosha sokoni lakini si cha kuhojia, kwa hiyo wakaamkiana kwa salamu ya Kiislamu na kuendelea kwa Kiswahili.

"Bolisi, mimi nataka jua kitu moja tu," Dubow alisema. "Hiyo dawa iliua ndugu yangu ni ya nani?"

"Bado tunauliza, mzee."

"Mara ya kwanza ngamia yangu ilibona. Mimi niliombea huyo msichana dua. Mara ya bili ikaanguka yote. Mowlid akanionyesha mkono, akasema si kitu, ni damu kidogo." Akafuta jasho. "Wazee wanasema msichana wa Garissa ndiyo aliua. Watu wake wameitwa kesho, wataambiwa walete ngamia ya diya, fidia ya damu. Mimi sitaki ngamia ya mtu hakuua. Ikiingia boma yangu, nitaitazama namna gani?"

"Waambie wazee wasubiri."

"Wazee hawasubiri bolisi. Wewe harakisha."

Alipotoka, Ramlo alichukua funguo za gari. "Watu wawili tu mjini hapa wanajua tofauti ya chupa hizi," alimwambia Kulow. "Osob, na yule aliyemfundisha."

*

Daktari Mahat alikuwa mkuu wa maabara ya chuo hicho, mwanamume wa ndevu zilizopakwa hina na shati lililonyooshwa vizuri. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja, upande wa mkono wa kulia wa mgeni aliyeketi mbele yake. Aliagiza chai ya maziwa bila kuuliza kama inatakiwa.

"Mimi nilikuwa Nairobi," alisema kabla ya kuulizwa. "Kwenye mkutano. Dawa ilipelekwa kwenye friji na kuchukuliwa wakati sipo."

"Tumeshathibitisha hilo, Daktari. Sikuja kukuuliza ulikuwa wapi. Nimekuja unieleweshe dawa yenyewe."

Mahat akatulia kidogo. Alifungua droo, akatoa vifuniko vitatu vya soda, akavipanga mstarini juu ya meza, kati yake na Ramlo. Kisha akachukua njiti ya kiberiti.

"Hii ndiyo molekuli," alisema. "Pete tatu zimeshikana. Niliitoa kwenye mizizi ya mti ambayo wafugaji wa Banissa huwachemshia ngamia. Enzi hizo sikuwa na mvi hata moja. Ndani ya kimelea cha dhukan kuna mfuko, na molekuli hii huingia humo ikakaa, kimelea kikafa. Shida ni moyo. Moyo wa ngamia una mfuko unaofanana na ule. Dawa inaponya, lakini inamchosha mnyama, wengine wanakufa. Nilihangaika na shida hiyo miaka na miaka. Nilibadilisha chumvi, nikabadilisha kipimo, nikabadilisha maji ya kuyeyushia."

"Na Osob?"

"Osob alibadilisha molekuli." Alisema hivyo akiitazama njiti. "Aliifunga mkia. Kaboni mbili tatu, kitu kidogo hivi. Akauweka hapa." Njiti ikakaa kwenye kifuniko cha kati. "Mkia ukiwa hapa, molekuli inakuwa nene tumboni. Mfuko wa kimelea una nafasi, inaingia. Mfuko wa moyo ni mwembamba, haiingii. Basi. Ngamia anapona na moyo wake umesalimika. Hiyo ndiyo Kumi na Saba."

"Na mkia ukiwa kwingine?"

Mahat akahamisha njiti kwenye kifuniko cha upande wa dirisha. "Ukiuweka huku, unaziba mlango. Haiingii kwenye kimelea, haiingii kwenye moyo. Dawa imekufa. Unaweza kuinywa na chai." Akaihamisha tena, kwenye kifuniko cha upande wa mlango. "Ukiuweka huku, inaingia kwenye moyo vizuri kabisa, halafu mkia unanasa kama ndoano. Haitoki. Mkia ni uleule, Inspekta, uzito uleule. Mahali tu."

Ramlo aliviangalia vifuniko kwa muda. "Ulikasirika alipoipata?"

"Nilimpongeza."

"Kwenye kikao cha walimu ulisema dawa hiyo itamuumbua."

Chai ililetwa. Mahat alisubiri mlango ufungwe.

"Nilisema," alijibu. "Unataka nikwambie nini? Alikuja kwangu hajui hata kushika pipeti. Mimi ndiye niliyemwonyesha pete hizi. Halafu siku moja anaingia hapa na karatasi, anasema, Mwalimu, tumejaribu kuweka kitu katikati? Katikati, Inspekta. Mahali ambapo mtu yeyote angeangalia kwanza. Sikulala. Hadi leo nikifumba macho naona ile pete ya kati na sioni kingine."

"Watu wanasema unataka kumwoa."

Mahat akamtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Watu gani?"

"Watu."

"Watu hawana kazi." Alianza kukusanya vifuniko vyake. "Samahani kwa vifuniko. Ni mazoea. Hata nyumbani nafundisha kwa chochote kilicho mbele yangu. Tende, vijiko."

"Nyumbani unamfundisha nani?"

"Hakuna mtu," Mahat alisema. "Naongea tu."

Kwenye gari Ramlo hakuwasha injini mara moja. Alimwambia Kulow afungue ripoti tena, amsomee mstari unaohusu chupa za Tarbaj.

"Unga uliokuwa ndani ni ule wenye mkia kwenye pete ya kulia," Kulow alisoma.

"Mahat amenionyesha sasa hivi. Mkia wa kulia haufanyi kitu. Unaweza kuunywa na chai."

"Lakini umeua ngamia wote wale. Na Mowlid."

"Basi amenidanganya," Ramlo alisema, akawasha gari. "Au Osob alituchorea uongo."

*

Osob alikuwa amesimamishwa kazi, na alikuwa nyumbani kwa mama yake mtaa wa Bulla Iftin. Alimpokea Ramlo sebuleni, akiwa amevaa baati, gauni pana la nyumbani, na shungi jepesi, macho yamevimba. Ndani kulisikika sauti za wanaume wakizungumza, wajomba zake waliokuja kwa ajili ya kikao cha kesho.

"Wanahesabu ngamia," Osob alisema. "Wa kila nyumba. Hakuna aliyeniuliza kama niliua."

"Mimi nakuuliza."

"Sikuua."

Ramlo alikaa kwenye mkeka. Mbele yake kulikuwa na vikombe vitatu vya kahawa. Akavipanga mstarini, akavuta kijiko kidogo. "Nitakurudishia alichonieleza Mahat, uniambie kama ni kweli. Mkia wa katikati unaponya."

"Kweli."

"Wa kulia umekufa." Akaweka kijiko kwenye kikombe cha upande wake wa kulia. "Wa kushoto unanasa moyo."

"Hapana," Osob alisema. "Umegeuza."

"Ndivyo alivyonionyesha. Nilikuwa nimekaa karibu naye kama tulivyokaa sisi."

"Mahat hawezi kukosea hilo. Hata akilala hawezi." Osob akavitazama vikombe, kisha akamtazama Ramlo. "Ulikaa wapi?"

"Mbele yake."

"Ng'ambo ya meza?"

Ramlo alinyoosha mkono wa kulia, akakumbuka dirisha la ofisi ya Mahat, akaona lilikuwa upande wake huo. Upande wa kushoto wa Mahat.

"Alijionyeshea mwenyewe," alisema.

"Ndivyo anavyofundisha. Darasani tulikuwa tunazunguka tukasimama nyuma yake, la sivyo unatoka na kila kitu kinyume. Kwenye karatasi hakuna shida, kwa sababu pete moja ya pembeni ina naitrojeni, na tunaiandikia herufi. Ukiona herufi unajua uko upande gani. Kwenye vitambulisho vyangu ipo, ndogo. Lakini yeye akichezea vifuniko haweki herufi. Anaijua."

Ramlo akainuka, akatembea hadi mlangoni na kurudi. "Sikiliza. Mtu amejifunza molekuli hii kwa kukaa mbele ya Mahat. Hajui herufi ina maana gani. Anaingia kwenye friji, anakuta boksi la safari na boksi la chupa nyingine mlizotengeneza kulinganisha. Anachukua yenye mkia wa kulia. Anadhani amechukua nini?"

"Iliyokufa." Osob aliongea taratibu. "Anadhani ni unga tu. Ngamia wangebaki wagonjwa. Ningeonekana mwongo, basi."

"Hakutaka kuua. Alitaka uaibike."

Sauti za wajomba zilipanda, zikashuka. Osob alijifunga shungi upya.

"Friji ni la nani?" Ramlo aliuliza, ingawa alikuwa akijua.

"La Ilwad, mke wa Mahat. Ana duka la dawa za mifugo karibu na soko la Suuq Mugdi. Umeme wa chuo unapotea kila siku, na friji lake ni la sola. Mahat mwenyewe ndiye aliyepanga tuhifadhi huko."

"Mnaelewana na Ilwad?"

"Alikuja maabarani mara moja, mwanzo wa mwaka. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza nimemtilia mume wake nini kwenye chai." Osob alitikisa kichwa. "Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Wallahi nilicheka. Akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, akaondoka."

"Na Mahat? Aliwahi kukutaka?"

"Mahat hajawahi kunitazama usoni, Inspekta. Anatazama mikono yangu. Nikipima kitu, anatazama mikono. Siku nyingine nilikuwa naogopa kugeuka."

Ramlo akakaa tena. "Nahitaji chupa tatu kama zile. Utie glukosi tupu ndani yake, na uchore vitambulisho vitatu kama ulivyochora vile. Sajini Kulow atakuwa nawe wakati wote, atashuhudia kila unachotia."

*

Duka la Ilwad lilikuwa na harufu ya dawa ya kupe na maziwa ya unga ya ndama. Ilwad alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya haraka, hina imefifia vidoleni, bangili ya dhahabu moja. Alikuwa akimhudumia mteja kutoka Elwak aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Akazifunga chupa ndani ya gazeti, akazungusha uzi mara mbili, akakaza fundo kwa nguvu, kisha akainama akaukata kwa meno. Kulow, aliyekuwa amesimama karibu na pampu za kunyunyizia akizishika kama anayetaka kununua, alimtazama Ramlo mara moja, akageuka.

Mteja alipoondoka, Ramlo alisogea.

"Karibu, abaayo," Ilwad alisema, akimwita dada kwa Kisomali. "Umerudi kwa friji? Nilishakwambia, hapa watu wanaingia na kutoka. Mimi ninauza dawa ya kupe. Mambo ya maabara siyajui."

"Sikuja kwa friji. Nimechoka tu. Nipe maji."

Ilwad akampa chupa ya maji baridi. Ramlo akanywa, kisha akafungua mkoba na kuzipanga chupa tatu juu ya kaunta, vitambulisho vikimwelekea Ilwad. Mkia katikati. Mkia kulia. Mkia kushoto.

Ilwad alizitazama, mikono ikatulia.

"Hizi ndizo zinazonisumbua," Ramlo alisema. "Unga mweupe, wote sawa. Osob anasema kuna mmoja ambao hauna kazi hata kidogo, hata mtoto akilamba. Mimi siamini maneno ya mtu anayetafuta kujiokoa. Nataka angalau nijue ladha kabla sijaandika."

Alifungua chupa ya mkia wa kulia, akalowesha kidole, akachovya, akaweka ulimini. Ilwad aliangalia tu. Alichukua hata kitambaa akafuta tone la maji kwenye kaunta.

"Haina ladha," Ramlo alisema. Akafungua chupa ya mkia wa kushoto, akachovya kidole.

Mkono wa Ilwad ulimshika kifundo cha mkono. Ulishika kwa nguvu, bangili ikagonga kaunta.

"Hiyo usionje."

"Kwa nini?"

"Ni sumu. Usionje."

"Haijaandikwa sumu."

"Abaayo, futa mkono wako."

"Nimeonja ile nyingine na hukunizuia," Ramlo alisema. Hakuvuta mkono. "Nani alikwambia kwamba ya kulia ni salama na ya kushoto inaua?"

Ilwad akamwachia. Alitazama mlangoni, akamwona Kulow ameacha pampu na amesimama akiwaangalia.

"Hizi ni glukosi," Ramlo alisema. "Zote tatu. Lakini umezijua kwa michoro. Na umezijua jinsi mimi nilivyozijua leo asubuhi, kwa kukaa mbele ya mume wako."

Ilwad aliketi kwenye kiti cha plastiki. Mwanamke mmoja aliingia akitaka chumvi ya kulamba ng'ombe, Kulow akamwambia duka limefungwa kidogo.

"Tende," Ilwad alisema hatimaye. "Kila jioni. Namwekea chakula, hali. Anazipanga tende tatu kwenye sahani, anachukua karafuu, anaanza. Osob ameweka hapa. Osob ameondoa hapa. Mimi nimemzalia watoto wanne, mwulize yupi alizaliwa mwezi gani, hajui. Lakini kila kitu alichokigusa yule msichana anakijua. Usiku anaamka anakaa kitandani. Nikamwuliza una nini. Akasema, ile ya katikati." Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nilidhani ananitajia jina la mtu."

"Ukabadilisha vitambulisho."

"Niliweka iliyokufa. Nilimsikia kwa masikio yangu, huku imekufa, haina kazi. Nilitaka ngamia wabaki vilevile, wafugaji wamrudishie dawa yake, na Mahat aone kwamba yule msichana ni mtu kama watu. Basi. Waliposema wamekufa, nilijua ni dawa yake mwenyewe ya mara ya kwanza, au ni dhukan. Niliyoweka mimi haiui."

Ramlo aliigeuza chupa ya mkia wa kulia, kitambulisho kikaangalia juu, kisha akaizungusha taratibu hadi mchoro ukasimama kichwa chini. Mkia uliokuwa kulia ukawa kushoto.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukiiona ile inayoua," alisema. "Mume wako alikuwa anaiona kutoka kule. Ya kushoto kwako ni ya kulia kwake. Chupa zinachorwa jinsi anavyoona yeye."

Ilwad aliikodolea macho chupa. Alinyoosha mkono, akaizungusha mwenyewe, akairudisha, akaizungusha tena. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu ambacho hakikutoka.

"Mowlid alikuwa ananunua hapa," alisema. "Sindano zake alikuwa ananunua hapa."

"Najua."

"Niliweka iliyokufa."

"Aliyekufa ni yeye," Ramlo alisema. "Simama, abaayo. Chukua mtandio wako."

*

Kituoni walimkalisha kwenye benchi la ukumbi, pembeni mwa meza ya zamu, huku maelezo yake yakichapwa. Ramlo alimpigia Dubow simu kwanza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule msichana amesafishwa kabisa, na Ramlo akamwambia ndiyo, kabisa. "Basi mimi naenda kwa wazee sasa hivi," Dubow alisema. "Kesho ni mbali." Hakuuliza jina la aliyeua. Alisema atalisikia akiwa ameketi.

Kisha akampigia Osob. Upande ule zilisikika sauti za wajomba zikihesabu, halafu zikakatika.

Mahat alifika kabla ya swala ya alasiri. Alikuwa amevaa shati lile la asubuhi, likiwa limeloa mgongoni. Alipita mbele ya benchi, akamwona mkewe, akasimama. Ilwad aliinua uso. Mtandio wake ulikuwa umemfunika hadi kwenye nyusi na alikuwa ameivua bangili, ameishika kiganjani.

"Wameniambia kwenye simu," Mahat alisema. Hakusema na mkewe. Alikuwa akisema na Ramlo, aliyetoka ofisini na karatasi mkononi. "Wameniambia chupa zilibadilishwa. Kwamba iliyodungwa haikuwa yake."

"Ndiyo."

"Una hakika? Mkemia ana hakika?"

"Amepima mara mbili."

"Kwa hiyo Kumi na Saba haikuwa na kosa?"

"Haina kosa lolote, Daktari. Osob anarudi kazini."

Mahat alitafuta mahali pa kukaa, akakaa mwisho wa benchi lilelile, mbali na mkewe. Mikono yake ilining'inia kati ya magoti. Uso wake haukuwa wa mtu aliyepewa habari njema, wala wa mtu ambaye mkewe amekamatwa. Ilionekana kama kuna kitu alichokuwa amepewa siku chache zilizopita, na sasa kimechukuliwa tena.

"Nilikuwa nimeanza kulala," alisema, akitazama sakafu. "Tangu wale ngamia waanguke. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kulala."

Askari wa zamu aliacha kuandika. Ramlo alibaki amesimama na karatasi yake.

Ilwad alikuwa amemgeukia mumewe. Alimtazama kwa muda, kwa utulivu, kuanzia viatu, akapanda, hadi kwenye ndevu za hina.

"Ulikuwa unamchukia," alisema.

Mahat alizidi kuinamia sakafu.

"Jioni zote zile. Tende zote zile. Ulikuwa unamchukia."

"Ilwad, si hapa."

"Mimi nilidhani unampenda."

Mahat alifumba macho, akayafumbua, akatazama mlango wa kutokea. Muadhini alianza kuadhini msikitini ng'ambo ya barabara. Mahat alisimama, akakung'uta suruali, akasema atarudi baada ya swala kuzungumza na wakili. Hakuna aliyemzuia.

Alipotoka, Ilwad alinyoosha mkono na kumpa Ramlo ile bangili. "Mpelekee mke wa Mowlid," alisema. "Si diya. Diya watasema wanaume. Hii ni mimi ninampa."

"Siwezi kuipokea. Mpe mwenyewe, mbele ya watu wako."

Ilwad akarudisha mkono. Akainuka bila kuambiwa, akajifunga mtandio vizuri.

"Basi nipeleke ndani, Inspekta," alisema. "Akirudi yule mtu, mwambie sitaki kumwona. Nimeua mtu kwa ajili yake, na kumbe yeye mwenyewe sikumjua."